Tundu Dogo la Pajani Lina Muda Wake: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Afya Nyanda za Juu Kusini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe na Iringa. Waganga Wakuu wa mikoa hiyo na wilaya zake. Na wabunge wetu.

YAH: WATOTO WENYE KASORO ZA MOYO KUGUNDULIWA MUDA UKIWA UMEPITA

Waheshimiwa, kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nakaa Tukuyu. Nilishika chaki miaka 34. Udaktari sikusomea, ya kitabibu yaliyomo humu nimeyapata kwa kuwauliza madaktari, kwa kusoma, na kwa kukaa mabenchi ya kliniki nikiwa nimempakata mjukuu. Ninaandika kwa ajili ya watoto watatu. Wa kwanza alikuwa mwanafunzi wangu, wa pili ni mjukuu wangu, wa tatu ni mtoto wa jirani.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu wa zamu. Kwenye mchakamchaka wa asubuhi kulikuwa na kijana wa darasa la sita aliyekuwa akiachwa nyuma kila siku. Anasimama, anashika magoti, anahema. Nikaona ni uvivu. Asubuhi moja ya Juni, ukungu umefunga hata bendera haionekani, nilimchapa fimbo mbili mbele ya wenzake. Mwaka uliotangulia alikuwa amekosa shule karibu mwezi mzima kwa kuvimba viungo: leo goti, keshokutwa kiwiko, halafu kifundo cha mguu. Nyumbani kwao walisema ni baridi, na sisi walimu tukasema hivyohivyo. Huku kwetu kiungo chochote kinachouma huitwa baridi yabisi, na kwa baridi ya Rungwe ya Juni na Julai nani angebisha? Hakumaliza kidato cha kwanza. Siku zake za mwisho miguu ilijaa maji, na usiku alilala ameketi, maana akijilaza chali pumzi inakata. Msibani watu walinong'ona kwamba amekanyaga kitu. Nilisimama pale kaburini na fimbo zangu mbili moyoni, nisijue ni nini nilichokuwa nimekiona kila asubuhi kwa macho yangu.

Sasa nakijua. Naomba mnivumilie nikieleze, kwa sababu barua hii watasoma pia wazazi na walimu wenzangu.

Moyo ni nyumba ya vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Una kuta zinazotenga kulia na kushoto, na una milango minne ambayo madaktari huiita valvu, kila mmoja unapitisha damu upande mmoja tu. Habari za presha tunazisikia redioni kila wiki, na za mishipa ya moyo kuziba pia. Ninayoisemea mimi ni hali ambapo nyumba yenyewe ina kasoro: ukuta una tundu, mlango umebana au haufungi sawasawa, au njia iliyopaswa kujifunga mtoto alipozaliwa imebaki wazi. Nyingine mtoto huzaliwa nazo. Duniani huhesabiwa watoto takriban 8 hadi 10 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai. Nyingine huja baadaye, na kwa watoto na vijana wetu inayoongoza ni ile iliyomuua mwanafunzi wangu.

Hiyo huanzia kooni. Mtoto, mara nyingi wa kati ya miaka 5 na 15, anapata mafindofindo yanayoletwa na bakteria aitwaye streptokokasi. Koo linapoa, watu wanasahau. Baada ya wiki mbili hadi nne, kinga ya mwili iliyokuwa ikipigana na bakteria inageukia viungo na moyo, na mtoto anapata homa ya viungo. Viungo hupona bila kuacha alama. Milango ya moyo mara nyingi haiponi, na kila koo jipya linaongeza kovu juu ya kovu. Unaoumia zaidi ni mlango wa upande wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini, uitwao valvu ya mitrali. Kwa mtu mzima mwenye afya uwazi wake ni sentimita za mraba 4 hadi 6. Ukibana mpaka chini ya 1.5, hali tayari ni mbaya: damu inarudi kujaa mapafuni, mtu anahema, anakohoa, wakati mwingine anatema damu. Kwa mazingira yetu, wa kwanza kutuhumiwa anakuwa kifua kikuu.

Nije kwa mjukuu wangu. Alizaliwa mwaka 2017, na kabla ya kutimiza mwaka alikuwa amelazwa mara tatu kwa nimonia. Akinyonya anatoka jasho kichwani, anaachia titi, anapumzika, anaanza tena. Kilo haziongezeki. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake ulilala kama mbuga ya Usangu, na kila mwezi mama yake aliambiwa amtengenezee uji wenye karanga. Alimtengenezea. Shangazi mmoja akashauri akatwe kimeo, na angekatwa kama babu yake asingekataa katakata.

Hapa kuna jambo la kanda yetu ambalo sijasikia likisemwa kwenye vikao. Sisi ndio tunaolisha nchi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni asilimia 56.9 Iringa na asilimia 50.4 Njombe. Panapokuwa na wadumavu wengi hivyo, mtoto ambaye hakui kwa sababu ya moyo anajificha katikati ya wenzake. Mhudumu anaona mwembamba mwingine, anatoa somo la lishe, anaita anayefuata. Simlaumu, foleni ni ndefu. Lakini mtoto anayetoka jasho akinyonya na anayerudi wodini na nimonia ileile, uji hautamsaidia.

Alipokuwa na miaka mitatu tulimpeleka kituo cha afya kwa kikohozi. Tabibu aliyetupokea alikuwa kijana aliyetoka chuo mwaka uleule. Aliweka kipimo cha kusikilizia kifuani na hakukiondoa. Akasikiliza chini ya mtulinga wa kushoto, akasikiliza mgongoni, akafumba macho. Halafu akanivisha masikioni, akasema, "Bibi, hebu sikia." Nikasikia mngurumo usiokatika, kama mashine ya kusaga iliyoko kijiji cha pili. Akaniambia hata vitabuni unaitwa hivyo, mngurumo wa mashine.

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu, kwa hiyo upo mshipa mfupi unaoipitisha damu pembeni isiingie yote mapafuni. Baada ya kuzaliwa mshipa huo hujifunga wenyewe kwa siku chache. Wa mjukuu wangu haukujifunga. Damu iliyokuwa iende mwilini ilikuwa ikirudi mapafuni tena na tena, ndiyo hizo nimonia, ndilo hilo jasho, na ndiyo sababu ya kilo kugoma.

Kutoka siku ile mpaka kupata kipimo cha eko ilipita miezi saba. Hospitali sitaitaja. Safari ya kwanza mtaalamu alikuwa masomoni. Ya pili mashine ilikuwa mbovu. Ya tatu tukapewa tarehe ya miezi miwili mbele. Eko ni ndugu wa ile ultrasaundi wanayopimwa wajawazito: haichomi, haina mionzi, na mtoto akitulia haichukui muda mrefu.

Mwaka 2021 tukasafiri kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Tuliuza ng'ombe mmoja na viazi vya msimu ule, kanisa likachanga, ofisa ustawi wa jamii akatuombea msamaha wa sehemu ya gharama. Basi liliondoka alfajiri. Chimala, Makambako, Mafinga. Kwenye kona za Kitonga nilimkumbatia mtoto kifuani na kuhesabu pumzi zake. Tukafika Stendi ya Magufuli usiku, na keshoye tukawa Muhimbili, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Hakupasuliwa kifua. Alipewa usingizi, wakatoboa tundu dogo kwenye kinena, pale paja linapoanzia, wakapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa wa damu, na juu ya waya wakapitisha mrija laini, wakiufuata kwenye skrini kwa eksirei na dawa inayoonyesha njia ya damu. Mrija ulipofika moyoni walisukuma kupitia humo kizibo kilichofumwa kwa nyaya za nikeli na titani. Nyaya hizo zinakumbuka umbo: zikivutwa ndani ya mrija zinanyooka kama uzi, zikitoka nje zinajikunja zenyewe na kuwa kizibo tena. Kizibo kikakaa mahali pake, mrija ukatolewa, pajani pakabandikwa bandeji. Kesho yake alikuwa akitembea wodini anadai chipsi. Wiki ya pili jasho la kichwani lilikuwa limekwisha. Alama aliyobaki nayo ni ndogo kama ya kung'atwa na siafu.

Nilimuuliza daktari elimu hii ilitoka wapi, akanieleza jioni moja akiwa amechoka, na baadaye nikajisomea. Mwaka 1929 daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, alijipitishia mrija kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe mpaka moyoni, akashuka nao hadi chumba cha eksirei kupigwa picha ya ushahidi. Mwaka 1956 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Katika miaka ya 1960 Mjerumani mwingine, Werner Porstmann, akaziba mshipa kama ule wa mjukuu wangu bila kufungua kifua. Mwaka 2002 huko Rouen, Ufaransa, Alain Cribier akamwekea mgonjwa valvu nzima mpya kwa kupitia mshipa wa damu, na leo wazee wengi wa nchi tajiri ambao mlango wao mkuu wa kutolea damu umekakamaa kwa chokaa hutibiwa hivyo. Valvu ya namna hiyo bado ni ghali mno kwetu, sitaisemea zaidi.

Ninayemfikiria mara nyingi ni Kanji Inoue wa Japani. Mwaka 1982 alitumia kwa mara ya kwanza puto lake kwa mgonjwa mwenye mlango uliobanwa na kovu. Mrija unapanda kwa mshipa wa paja, unatoboa kidogo ukuta wa vyumba vya juu, unaingia mlangoni. Puto linajazwa kwa sekunde chache, kingo zilizogandana zinaachana, linanywea, linatolewa. Mtu aliyekuwa hawezi kupanda ngazi anapanda. Puto hilo lilikuwapo duniani miaka 12 kabla sijamchapa yule kijana. Rungwe hata jina lake halikuwa limefika, na hata lingefika, hakuna aliyekuwa ameweka sikio kifuani kwake.

Mtoto wa tatu ni wa jirani yangu. Yeye alikuwa na tundu kubwa kwenye ukuta wa vyumba vya chini. Aligunduliwa akiwa na miaka tisa, baada ya midomo na kucha kuanza kuwa na rangi ya bluu. Walipanda basi lilelile, wakapita Kitonga ileile, wakafika kwa madaktari walewale. Walirudi na vidonge. Kwa miaka tisa damu ilikuwa ikisukumwa mapafuni kwa nguvu isiyostahili, mpaka mishipa ya mapafu ikawa migumu na isiyorudi nyuma. Ikifikia hapo tundu halizibwi tena, kwa pajani wala kwa kifuani, maana sasa ndilo linalompa moyo nafuu, ukiliziba unamuua. Mama yake aliniuliza kwa nini wangu amepona na wake hapana, wakati wote wawili walikuwa na njia ya damu iliyo wazi. Sikuweza kumtazama usoni. Wangu alisikilizwa akiwa na miaka mitatu, hiyo tu ndiyo tofauti niliyokuwa nayo ya kumwambia.

Mtoto yule hakuzaliwa porini. Alizaliwa mikononi mwa mkunga wa Serikali. Alichanjwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, akachanjwa surua miezi 9 na miezi 18. Alipimwa uzito kila mwezi. Alisajiliwa darasa la kwanza. Ukihesabu, alipita mbele ya watumishi wenu zaidi ya mara ishirini kabla ya midomo kubadilika rangi.

Waheshimiwa, hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Tundu dogo la pajani lina muda wake. Mlango uliobana hufunguliwa kwa puto ukiwa bado laini. Ukishakakamaa kwa chokaa, au ukiwa unavuja sana, puto linaweza kuupasua au kuzidisha kuvuja. Tundu kubwa la vyumba vya chini, ambalo kwa kawaida huhitaji kufunguliwa kifua, linataka kushughulikiwa mapema sana, mara nyingi kabla mtoto hajatimiza mwaka au miwili. Tundu la vyumba vya juu linasubiri zaidi, na likiwa katikati ya ukuta huzibwa kwa kifaa kama visahani viwili vilivyoshikana mgongo. Likiwa pembeni halishiki, anapasuliwa. Na zipo kasoro ambazo tundu dogo haliziwezi kabisa, mtoto anahitaji upasuaji mkubwa. Kujua nani ni wa wapi na lini kunaanzia kwenye sikio na eko, na hivyo viwili ndivyo vinavyokosekana karibu na nyumba zetu.

Wapo watakaosema hoja yangu ingekuwa mtambo wa tundu dogo na mabingwa wake hapahapa kandani. Sina ugomvi nao. Siku mtoto wa Kyela au wa Sumbawanga atakapotibiwa bila kuvuka Mikumi nitakuwa wa kwanza kushukuru. Lakini mtambo unamtibu aliyeletwa. Tangu Taasisi ya Moyo ilipoanzishwa mwaka 2015 nchi yetu imepiga hatua ambayo zamani ilimaanisha ndege ya India, lakini mtoto wa jirani yangu aliharibika kimyakimya kwa miaka tisa, umbali wa siku moja ya basi, kwa sababu hakuna aliyejua mapema kuwa anapaswa kupanda basi hilo. Nao madaktari wanaotufuata huku kwa siku chache kwa tiba mkoba nawaheshimu sana, nimeona watu wakitoka Ileje na Busokelo usiku kuwahi foleni yao. Wakishaondoka, mtoto anayezaliwa wiki inayofuata anasikilizwa na nani?

Ninaomba kwanza mwanzo kabisa, wodi ya wazazi. Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, ambacho wakati wa UVIKO-19 kila mtu alikijua, kinaweza kumpima mtoto mchanga mkono wa kulia na mguu mmoja. Saa 24 baada ya kuzaliwa, oksijeni chini ya asilimia 90 ni dharura. Akifika 95 na mkono na mguu havipishani zaidi ya 3, anapita. Aliye katikati anarudiwa. Inachukua dakika chache. Najua mama wengi huruhusiwa kabla ya saa 24. Basi apimwe anapotoka na arudiwe akija kliniki wiki ya kwanza. Wataalamu watuangalie pia jambo moja: Mbeya mjini tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na Njombe wako juu zaidi yetu. Hewa yetu ni nyepesi, huenda kiwango cha huku kikahitaji kupimwa upya ili tusiwatishe mama bure. Kipimo hiki huwanasa wale ambao damu yao inakosa oksijeni tangu mwanzo. Mjukuu wangu kisingemnasa, wala mtoto wa jirani, kwa sababu wa namna yao huzaliwa na rangi nzuri. Hao wananaswa kwa sikio, na wakati wake ni wiki ya 6, anapokuja kuchanjwa, mngurumo ukiwa umeanza kusikika. Dakika mbili za kusikiliza kifua, na swali moja kwa mama: anatoka jasho akinyonya?

Halafu eko katika hospitali za wilaya, yenye mtu wa kuitumia hata mmoja akiwa masomoni. Mashine za siku hizi zipo za kushikwa mkononi. Jirani zetu wa Uganda wameshaonyesha njia: huko Gulu walipima moyo watoto zaidi ya 100,000, wakawapata wenye dalili za mwanzo za ugonjwa wa valvu, na katika utafiti uliotangazwa mwaka 2021 nusu yao wakapewa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Katika waliochomwa, asilimia 0.8 ndio walioendelea kuharibika. Katika wasiochomwa, asilimia 8.2. Gulu siyo Ulaya. Watoto wake wanatembea kwenda shule kama wetu.

Sindano hiyo ndiyo inayoniuma kuliko yote. Penisilini ya benzathini ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Mtoto aliyewahi kupata homa ile ya viungo anaihitaji kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka, pengine mpaka atimize 21 au zaidi, ili koo jipya lisimwongezee kovu. Katika kituo kimoja nilichomsindikiza binti wa kidato cha pili, mwezi wa kwanza dawa haikuwapo, mwezi wa pili ilikuwapo ila mhudumu aliogopa kuichoma, mwezi wa tatu binti hakwenda tena. Hakuna aliyempigia simu. Na kupiga simu tunajua. Njombe, Iringa na Mbeya tumezika watu wengi kwa UKIMWI, tukajifunza: kliniki za CTC, za wanaoishi na VVU, zina tarehe ya kila mgonjwa, zina daftari, na asipotokea anafuatwa mpaka nyumbani. Chukueni daftari lile lile, mfungue ukurasa wa watoto wa moyo. Wahudumu wafundishwe kuichoma kwa uhakika, na dawa ya kuzuia mzio iwe mezani.

Wajawazito wasisahaulike. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na binti aliyetembea na mlango uliobana bila kujua anaanza kuzama katika miezi ya katikati na ya mwisho, au saa chache baada ya kujifungua. Kuhema kwake kunaitwa kuhema kwa mimba. Akigunduliwa mapema puto linaweza kupitishwa hata akiwa mjamzito, tumbo likikingwa dhidi ya mionzi. Na aliyewekewa valvu ya chuma anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote. Kipimo cha kuirekebisha dawa hiyo kisimlazimishe kurudi Dar es Salaam.

Suala la gharama ni fupi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Kitita cha mafao kiandikwe wazi kwamba kizibo, puto, nauli ya mtoto na ya mzazi mmoja vimo. Ng'ombe wangu alitosha kwa sababu nilikuwa na ng'ombe.

La mwisho linawahusu mawaziri wote wawili, ndiyo maana nimewaandikia pamoja. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya viko TAMISEMI. Hospitali ya mkoa na ya kanda ziko Wizara ya Afya. Rufaa ya mtoto wa moyo ni karatasi inayotoka mkono mmoja kwenda mwingine, na katikati hapo ndipo miezi saba yetu ilipotelea. Wilaya ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma, ina mratibu wa chanjo. Wa magonjwa yasiyoambukiza yupo, lakini mezani kwake kuna presha, kisukari na saratani, na mtoto wa miezi miwili hafiki juu ya rundo. Teueni mtu mmoja kila wilaya ambaye jina la mtoto likishaandikwa ni lake: ajue tarehe ya eko, ajue nani wa kanda amepokea, ampigie mama simu. Mfumo wa M-Mama umeshatufundisha kwamba kwa namba 115 gari linaweza kumfikia mama mlimani. Mtoto wa bluu anastahili uharaka huohuo.

Tangu turudi kutoka Dar es Salaam, watu hunijia. Nimekuwa nikiandika kwenye daftari la kaunta: mtoto, kijiji, dalili, simu ya mzazi. Mpaka wiki hii wako 11, kutoka kata nne. Watatu hutoka jasho wakinyonya. Mmoja huchuchumaa njiani akienda shule, anapumzika, ndipo anaendelea. Wanne waliwahi kuvimba viungo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupimwa eko. Daftari hili sitaliweka hadharani, ni siri za watu, ila Mganga Mkuu wa Wilaya akiniita kesho nitampelekea mkononi, na wazazi wote nimeshawaeleza wakae tayari. Yule anayechuchumaa ana miaka mitano na miezi minne.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Rungwe